Naomba ushauri: ni nani hasa mchezaji bora wa kikapu wa wakati wote? Kamati imekwama na fundi anasubiri

Katibu wa Kiwanja (mleta uzi)
Habari za wakati huu, wanajamvi. Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya mpira wa kikapu hapa Dodoma, maeneo ya Area D. Wanachama tulichanga fedha ili kwenye ukuta ulio nyuma ya goli ichorwe picha ya mchezaji mmoja, na tukakubaliana kwamba awe bora kuliko wote waliowahi kucheza kikapu cha kulipwa. Tangu tukubaliane hivyo hatujaelewana tena. Nusu ya kamati inamtaka Michael Jordan, nusu inamtaka LeBron James, na mwenyekiti, ambaye kura yake ndiyo ya kuamua, amesema hatapiga kura mpaka aletewe hoja zilizoandikwa. Juzi jioni tulimtazama LeBron akiichezea Lakers ya Los Angeles kwenye televisheni ya jirani, tukidhani tutapatana, lakini tuliachana tukiwa tumenuniana. Kikao ni Jumapili. Naombeni hoja nzito, maana usingizi unanipaa.

Mzabibu wa Makutupora
Ndugu katibu, mwandikie mwenyekiti wako hivi: Jordan alicheza fainali sita za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, akashinda zote sita, mwaka 1991 hadi 1993 na tena 1996 hadi 1998, na katika kila moja alitangazwa mchezaji bora wa fainali. Aliongoza ligi kwa ufungaji misimu kumi, na wastani wake wa pointi 30.1 kwa mchezo katika misimu ya kawaida haujapitwa na mtu. Wanaodhani alikuwa mfungaji tu wajue kwamba mwaka 1988 alichaguliwa pia mlinzi bora wa ligi. LeBron amefika fainali kumi na kupoteza sita. Sidhani kama unahitaji ukurasa wa pili.

Mzee wa Makole
Nyinyi vijana huanza kuhesabu historia kuanzia mwaka mliopata televisheni. Bill Russell wa Boston alitwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13, kati ya mwaka 1957 na 1969, na miwili ya mwisho aliutwaa akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Hana tuzo hata moja ya mchezaji bora wa fainali kwa sababu tuzo hiyo ilianzishwa mwaka 1969, akiwa anaondoka, na tangu mwaka 2009 yenyewe inaitwa kwa jina lake. Ligi ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973/74, kwa hiyo kazi aliyoiweza kuliko wote haikuandikwa popote.

Sisi tulifundishwa kikapu shuleni Kongwa na mwalimu aliyekuwa mkali kwa jambo moja: ukizuia mtupo kwa kuupiga mpira nje ya uwanja ili watu wakushangilie, unatolewa. Alitaka uuguse kwa ncha za vidole tu, uangukie mikononi mwa mwenzako, nanyi muanze kukimbia. Baadaye nilipokuja kusoma habari za Russell nikagundua kwamba ndivyo alivyokuwa akizuia. Vijana wa Area D, ninaowaona nikipita pale jioni, wakizuia mpira unaishia barabarani.

Dada wa Nkuhungu
Shikamoo mzee wangu. Mimi nina maswali kwa katibu kabla ya kumpa hoja. Je, goli hilo lina nyavu? Wasichana wanaofanya mazoezi kiwanjani hapo walichangia, na kama walichangia, mbona kamati nzima haikumtaja mwanamke hata mmoja? Diana Taurasi ana medali sita za dhahabu za Olimpiki, kuanzia mwaka 2004 hadi 2024, na ndiye aliyefunga pointi nyingi kuliko wote katika ligi ya wanawake ya Marekani. Halafu umesema fundi anasubiri. Anasubiri nini hasa, na amelipwa?

Katibu wa Kiwanja
Marahaba kwa niaba ya mzee, dada yangu. Suala la nyavu lipo kwenye bajeti ya awamu ya pili. Kuhusu fundi, alikuwa na safari ya kikazi Singida, na kama tungesubiri tungempoteza, kwa hiyo nilimpa malipo ya awali aanze na kiwiliwili. Hilo halimfungi mtu yeyote, kwa kuwa jezi ni namba 23, ambayo Jordan aliivaa Chicago na LeBron ameivaa Cleveland na Los Angeles. Kichwa bado hakijachorwa.

Dada wa Nkuhungu
Jezi hiyo ina rangi gani?

Katibu wa Kiwanja
Ni ya njano.

Kabla hamjanirukia, naomba nisikilizwe. Tarehe 7 Februari 2023 LeBron alizipita pointi 38,387 za Kareem Abdul-Jabbar, ambaye alikuwa kinara wa ufungaji tangu mwaka 1984, na mwezi Machi 2024 akawa mtu wa kwanza kufikisha pointi 40,000. Ametwaa ubingwa na timu tatu tofauti. Kwenye fainali za mwaka 2016 Cleveland yake walikuwa nyuma kwa michezo mitatu kwa mmoja dhidi ya Golden State, timu iliyokuwa imeshinda michezo 73 msimu huo, nao wakashinda mitatu iliyobaki. Mnasema amepoteza fainali sita. Jordan naye alitolewa raundi ya kwanza miaka mitatu mfululizo, 1985 hadi 1987, na sielewi kwa nini kutolewa mapema kuhesabiwe kuwa heshima kuliko kufika fainali na kushindwa.

Na kwa Mzee wa Makole: Russell alipofariki mwaka 2022 ligi iliistaafisha namba yake 6 kwa timu zote. LeBron alikuwa ameivaa na aliruhusiwa kuendelea nayo, lakini mwaka uliofuata aliiacha kwa heshima ya Russell na kurudia 23. Kwa hiyo hata Russell yumo kwenye ukuta huo.

Mzee wa Makole
Yumo kwa kutokuwepo, sivyo? Asante sana, mwanangu.

Chura wa Hombolo
Sasa nimeelewa kwa nini kamati haielewani. Jezi nyekundu ya Chicago inatetewa na watu wa Msimbazi, na jezi ya njano ya Los Angeles inatetewa na watu wa Jangwani. Ndugu katibu, sema ukweli: fundi alikuwa na kopo la rangi lililobaki kwenye tawi gani?

Mtazamaji wa Usiku
Samahani kwa kuwaharibia, lakini naamini uzi huu umetungwa. Mwandishi anasema walimtazama LeBron "juzi jioni". Mimi nafuatilia ligi hiyo kila msimu na macho yangu ni mekundu kwa ushahidi. Mchezo unaoanza saa moja na nusu usiku New York huwa hapa ni usiku wa manane au karibu na alfajiri, na Lakers wakicheza nyumbani kwao Los Angeles, hapa watu wanakuwa wanajiandaa kwenda kazini. Hata ile michache inayochezwa mchana kule hutufikia giza limeshaingia. Ongezeni na rangi zinazolingana na Simba na Yanga, na namba inayowafaa wachezaji wote wawili. Mambo ya kweli hayapangiki vizuri hivyo.

Mzabibu wa Makutupora
Hoja hiyo ina uzito. Katibu, weka picha ya ukuta.

Katibu wa Kiwanja
Ulikuwa mchezo wa marudio. Nani amesema ulikuwa mubashara? Picha siweki, kwa sababu mwili usio na kichwa wa urefu wa mita tatu utatambuliwa na kila anayepita barabara ile, na baadhi ya wajumbe wa kamati wamo humu humu jamvini.

Mtazamaji wa Usiku
Kama wajumbe wamo humu, basi kikao cha Jumapili kimeshafanyika.

Rangi na Brashi
Mimi ni fundi rangi, sijui kama kisa ni cha kweli, ila najua rangi. Nyekundu juu ya njano inafunika kwa mikono miwili bila shida, mradi ya chini imekauka sawasawa na imepigwa msasa kidogo. Njano juu ya nyekundu ingekutesa, maana njano ni dhaifu kufunika na ungelazimika kupaka nyeupe kwanza. Kwa hiyo kwa upande wa rangi Jordan bado anawezekana.

Ningekuwa mimi, ningemchora Hakeem Olajuwon. Ametoka Lagos, alianza na mpira wa mikono na kandanda, na mwaka 1994 alikuwa mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora na mchezaji bora wa fainali katika msimu mmoja, jambo ambalo si Jordan wala LeBron aliyelifanya. Mitupo 3,830 aliyoizuia haijapitwa tangu ianze kuhesabiwa. Jezi yake ni 34, lakini hiyo ni kazi ya nusu saa.

Chura wa Hombolo
Kama ni Mwafrika, kwa nini asiwe Hasheem Thabeet wetu? Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, na Stephen Curry akaitwa wa saba.

Mzabibu wa Makutupora
Swali lilikuwa bora wa wakati wote, ndugu yangu, halikuwa bora wa siku ya uteuzi.

Dada wa Nkuhungu
Mchango wa wasichana ulikuwa kiasi gani? Sijajibiwa.

Katibu wa Kiwanja
Nawashukuru wote kwa michango yenu, hasa Rangi na Brashi, ambaye nimemtumia ujumbe pembeni kuuliza bei ya kuchora kichwa peke yake, kwa kuwa fundi wa kwanza hajarudi kutoka Singida. Kichwa kiwe cha kuendana na njano. Mwenyekiti nitazungumza naye mwenyewe Jumamosi.