Ndoa ya simu, binti wa kufikia na mpwa: nani naweza kumdhamini kuja Kanada?

Mswahili wa Edmonton aliandika:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina ukaazi wa kudumu wa Kanada tangu 2021, nilioupata kwa njia ya kazi, nami natarajia kumdhamini mke wangu aliyeko Tanga. Nikahi yetu ilifungwa mwaka 2023 nikiwa Edmonton: kaka yangu alisimama kuwa wakili wangu mbele ya sheikh na walii wa bibi harusi, nami nikasikiliza kwa simu. Mwaka uliofuata nilikwenda nikakaa naye wiki tano. Mke wangu ana binti wa ndoa ya kwanza, ambaye atatimiza miaka 22 mwezi Februari. Vilevile tunamlea mtoto wa marehemu dada yangu, mwenye miaka 9, ambaye baba yake yupo hai ila hajulikani shughuli zake. Mama yangu naye ameanza kuzeeka. Je, naweza kuwaombea wote kwa pamoja?

Bi Mkubwa wa Winnipeg alijibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nianze na nikahi yako, kwa sababu hapo ndipo mambo yote yanapoegemea. Kisheria, tangu Juni 2015, Kanada haiitambui katika maombi ya udhamini ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwapo mwenyewe ilipofungwa, iwe ni kwa wakili, kwa simu au kwa intaneti. Mbele ya dini ndoa yako ni sahihi na hakuna anayekuvunjia. Mbele ya afisa wa uhamiaji, huyo bado si mke wako. Wiki tano mlizokaa pamoja hazirekebishi jambo hilo, na njia ya wapenzi wanaoishi pamoja bila ndoa inadai mwaka mzima mfululizo chini ya dari moja.

Linalobaki ni kwenda Tanga, mkafunga ndoa nyote wawili mkiwapo, na kuhakikisha cheti kinaonyesha tarehe hiyo mpya. Zungumza kwanza na msajili wa ndoa wa wilaya, umweleze kuwa nikahi ya awali ilikuwapo. Katika fomu usiifiche ile ya 2023, kwa maana picha zenu na ujumbe wenu wa simu vitaitaja tu, na afisa akikuta umeificha atashuku hata yaliyo ya kweli.

Binti huingizwa katika maombi ya mama yake, mradi hajaolewa na hajafikisha miaka 22 siku maombi yaliyokamilika yanapopokelewa. Neno «yaliyokamilika» lizingatie sana: bahasha ikirudishwa kwa sababu ya saini moja iliyosahaulika, umri wake huendelea kuhesabiwa.

Fundi Hamilton alijibu:

Naongezea kuhusu mpwa. Sisi husema huyo ni mwanangu na basi, lakini sheria ya hapa inamruhusu mtu kumdhamini mpwa yatima pale tu ambapo wazazi wote wawili wamefariki, mtoto hajafikisha miaka 18 na hajaoa wala kuolewa. Baba asiyejulikana alipo huhesabiwa kuwa yupo hai, na hati ya ulezi haitoshi. Kuasili ni njia nyingine, ila hupita mahakamani, na wataangalia kama kweli umekuwa mzazi wake au mmetafuta karatasi tu.

Kwa mama, mpango wa wazazi umekuwa ukienda kwa mwaliko, na walioalikwa miaka ya karibuni ni waliojiandikisha mwaka 2020. Iangalie «super visa», ambayo humruhusu mzazi kukaa hadi miaka mitano kwa safari moja. Wewe utaonyesha kipato, naye awe na bima ya afya ya angalau dola 100,000. Huo si ukaazi, lakini atawaona wajukuu.

Na mkeo awataje watoto wake wote, hata asiyekuja. Mimi nilipokuja niliambiwa na aliyenijazia fomu kwamba mtoto wangu wa nje hana haja ya kuandikwa. Asiyetajwa wala kupimwa afya wakati ule hutolewa katika kundi la familia, yaani huwezi kumdhamini baadaye. Mwaka 2019 ilitolewa sera ya muda ya kuwasaidia baadhi, hasa waliokuja kama wakimbizi, ila mimi nilikuja kwa kazi na haikunigusa. Binti yangu sasa ni mtu mzima, yuko Korogwe.

Mswahili wa Edmonton aliandika:

Nimewaelewa, Bi Mkubwa na kaka Fundi. Nilitaka kusafiri Desemba kwa sababu ya nauli na likizo, lakini nikihesabu cheti, picha, saini na ile Februari, naona ni kuchelewa. Leo nimemwomba msimamizi wangu wiki tatu za Oktoba bila malipo. Mke wangu amecheka, akaniuliza iwapo mahari nayo italipwa upya.

Bi Mkubwa wa Winnipeg alijibu:

Mwambie hilo amuulize sheikh. Wewe nenda na pasi yako, na saini zote ziwekwe kabla hujapanda ndege ya kurudi.