Krenki ya kushoto inagonga, nakaza inalegea tena

Swali
Wakuu, nina baiskeli ya gurudumu moja, habu (kitovu cha gurudumu) ya ekseli ya pembe nne. Wiki ya tatu sasa krenki ya kushoto, ule mkono unaoshika pedali, inalia "tok" kila mzunguko. Nakaza bolti, kesho yake imelegea. Nimebadilisha pedali, wapi! Ni beringi?

Jibu la 1
Beringi ikichoka mara nyingi inakwaruza. Shika krenki zote mbili, moja ivute, nyingine isukume. Ikicheza hata kidogo, umeshampata mchawi.

Mimi yalinikuta. Niliendesha siku nne imelegea, nikijiambia nitaikaza nikifika. Kuivua, tundu la pembe nne limekuwa karibu duara! Ekseli ni chuma kigumu, krenki ya alumini ndiyo inayoliwa. Hapo hakuna kukaza, tafuta nyingine. Na usijaribu kupachika kipande cha kopo la soda. Changu kilidumu jioni moja.

Ukifunga mpya, futa ekseli vizuri, kaza kwa nguvu ya nyutoni-mita 35 hadi 40, endesha kidogo, kisha kaza tena.

Muulizaji
Imecheza. Kona mbili zimeliwa. Ila kwa nini kushoto tu?

Jibu la 2
Unapanda kwa mguu upi? Mimi napanda kwa wa kulia, na krenki ya kulia ndiyo hunisumbua. Ukimaliza, zungusha gurudumu: likiwa zito, umekaza mno vifuniko vya beringi.

Muulizaji
Kushoto, siku zote. Duh.