Mjadala: Mwanafunzi wa ujenzi aguse SAP2000 kabla ya kujua hesabu za mkono?

Wakuu, poleni na baridi ya Mbeya. Juzi mdau mmoja alisema programu za kuchambua majengo, SAP2000, ETABS na wenzake, zipigwe marufuku hadi mwaka wa nne. Kijana akae na kikokotoo, agawe momenti (nguvu inayopinda boriti) kwa njia ya mkono ya Hardy Cross. Akajibiwa kwamba waajiri hawana habari na mbinu ya mwaka 1930. Nina neno.

Wiki iliyopita kijana wa mafunzo kwa vitendo aliniletea boriti. Mita 6, imelala juu ya kuta mbili za tofali, mzigo kilonyutoni 20 kwa kila mita. Karatasi safi, rangi tele, momenti ya katikati kilonyutoni-mita 30. Nikamwambia shika kalamu: 20 mara 6 mara 6, gawa kwa 8. Akapata 90. Akakitazama kikokotoo, akaitazama kompyuta, akanitazama na mimi. Kumbe kwenye programu ncha zote mbili alizifunga zisizunguke, na tofali haliwezi kuishika boriti namna hiyo. Programu ilikuwa imekokotoa sawasawa boriti ambayo haipo.

Wakubwa nao yamewakuta. Agosti 1991 huko Norwei, Sleipner A, jukwaa la zege la kuchimba gesi baharini, lilizama likiwa kwenye majaribio. Uchambuzi wa kompyuta ulikuwa umepunguza nguvu za mkato, zile zinazotaka kukata zege, kwenye kuta zake kwa asilimia 47. Watu wa kalamu msishangilie, jukwaa lile hakuna wa kulimaliza kwa mkono. Na sisi huku tumekaa juu ya bonde la ufa: ghorofa sita na tetemeko, utakokotoa kwa kalamu hadi lini?

Marufuku naikataa. Ukimnyima darasani, atapewa programu ya wizi kwenye flashi huko bwenini, ajifunze kubonyeza bila mtu wa kumuuliza. Mimi ningebadilisha mtihani: mpe karatasi iliyotoka kwenye programu, ndani yake kosa moja, alisake kwa kalamu.

Fundi, Uyole: Injinia, umenigusa. Nimeletewa ramani ina nondo za milimita 16 hadi kwenye lenta ya dirisha la choo. Nikiuliza, "kompyuta ndiyo imesema." Mwenye nyumba analia na bei, mimi naonekana mwizi.

Mwaka wa tatu: Kaka, shikamoo. Hoja nzuri, ila sisi kompyuta moja tunaizunguka watu watano, umeme nao ukikatika siku imeisha. Bora hizo hesabu za mkono, angalau kila mtu ana kalamu yake.

Mleta mada: Marahaba mdogo wangu. Ndiyo maana nikasema karatasi. Imeshachapwa, haidai umeme wala leseni, na msahihishaji analijua kosa lilipo.

Mwaka wa tatu: Sawa. Na ile boriti, ingemwagwa pamoja na nguzo nene za zege, 30 ingekuwa sahihi?

Mleta mada: Ingekaribia. Ila kwenye ncha ungekutana na 60, na hiyo inavuta upande wa juu. Kijana wangu juu alikuwa ameweka nondo mbili nyembamba za kushikilia ringi tu, zile nondo za kuzunguka.