Mawingu ya Rwenzori kutoka Fort Portal: taimulapsi inapepesa, nakosea wapi?

Kabarole_Juu:
Wakuu, naomba msaada. Nina Canon 700D na lenzi yake ya 18-55 STM, rimoti ya waya yenye saa, na stendi nyepesi. Nataka taimulapsi (picha nyingi zinazounganishwa kuwa video fupi) ya mawingu yanavyopanda milima ya Rwenzori asubuhi, nikiwa upande wa Fort Portal, Uganda. Natumia modi ya Av (kamera inachagua kasi ya shata yenyewe), tundu la lenzi f/11, JPEG, picha moja kila sekunde 20, kuanzia saa moja kasoro robo hadi saa tatu. Matokeo: video inapepesa kama taa mbovu, mawingu yanarukaruka, na betri haifiki mwisho. Nahitaji sekunde 15 tu za video. Kamera mpya sina uwezo nayo kwa sasa.

fundi_shata:
Kwanza achana na Av. Kila wingu jeupe likiingia kwenye fremu, kamera inapima upya na kubadilisha mwanga. Weka M (unapanga kila kitu mwenyewe), ISO 100, mizani ya rangi iwe Daylight na si Auto, na piga RAW (faili ghafi). Zima pia Auto Lighting Optimizer, inayorekebisha mwanga wa picha yenyewe. Fokasi iweke kwenye MF (ya mkono) baada ya kulenga mlima, na kitufe cha IS (kizuia mtikisiko) kiwe off, maana juu ya stendi kinaweza kuisogeza picha kidogo kidogo.

Hata ukiwa M, mpepeso unaweza kubaki. Vibati vya tundu la lenzi hujifunga upya kila picha, na havirudi palepale kabisa. Kwenye f/11 kosa dogo la vibati linaonekana sana, kwenye f/5.6 linapungua. Ukiacha tundu wazi kabisa, f/3.5 kwa 18mm, vibati havisogei na chanzo hicho hakipo tena.

NdaniYaLenzi:
Kuna ujanja wa zamani wa Canon. Weka f/5.6, bonyeza na ushikilie kitufe cha kuangalia kina cha fokasi, kisha bonyeza kitufe cha kufungulia lenzi na uizungushe kidogo tu hadi kamera ionyeshe F00, yaani haiwasiliani tena na lenzi. Vibati vinabaki palepale. Tahadhari mbili: lenzi haijajifunga, kwa hiyo usiinamishe kamera kuelekea chini, na hiyo STM inaendesha fokasi kwa umeme, kwa hiyo ukishaizungusha, pete ya fokasi haifanyi kazi tena. Lenga kwanza.

hesabu_za_fremu:
Tatizo la kuruka ni la hesabu. Sekunde 15 za video, kwa fremu 25 kila sekunde, ni picha 375. Saa mbili na robo ni sekunde 8,100, ukigawanya kwa 375 unapata karibu sekunde 22. Ndiyo maana ulichagua 20. Lakini wingu linaloparamia mlima linabadilika umbo ndani ya sekunde 22, na jicho linaona mruko.

Usijaribu kubeba asubuhi nzima. Chagua dakika 40 ambazo mawingu yanapanda kweli, piga kila sekunde 5: picha 480, sekunde 19 za video, na unabaki na za kukata. RAW moja ya kamera hiyo ni kama MB 25, jumla GB 12. Ukiona ni polepole, tumia picha moja kati ya mbili. Picha ambayo hukuipiga huwezi kuipata baadaye.

Betri ya LP-E8 hutoa picha 400 na kidogo bila Live View (kuangalia kupitia skrini). Zima onyesho la picha baada ya kupiga. Kubadilisha betri katikati husogeza fremu, kwa hiyo afadhali betri bandia yenye waya. Pawabenki ya kawaida hutoa volti 5 na kamera inataka 7.4, hivyo lazima waya uwe wa kupandisha volti.

Kabarole_Juu:
Asanteni sana. Filta nyeusi ya ND1000, ile inayopunguza mwanga mara 1000, inahitajika?

fundi_shata:
Ndiyo. Shata ikikaribia nusu ya muda kati ya picha, mwendo unakuwa laini. Asubuhi yenye jua, f/5.6 na ISO 100 vikikupa 1/500, ND1000 inakufikisha sekunde 2, ambazo zinakaa vizuri ndani ya 5. Lenzi yako inachukua kipenyo cha 58mm. Lenga kabla ya kuifunga, ziba kidirisha cha kuchungulia, na zima upunguzaji wa chengachenga wa picha ndefu, la sivyo kamera inaweza kutumia muda uleule tena na rimoti ikakosa picha.

NdaniYaLenzi:
Hapo tunatofautiana, ndugu. Mawingu ya mbali hivyo hayachoreki ndani ya sekunde 2, na filta za bei ya chini huleta rangi ya kahawia. Filta ina maana kama una nyasi au migomba mbele inayotikiswa na upepo. Kama mbele ni mlima tu, tumia hela kununua betri.

stendi_na_matope:
Hakuna aliyegusa stendi. Ardhi ikiwa imenyeshewa, miguu inazama polepole na video yote inateremka. Weka mawe bapa chini ya kila mguu, ning'iniza mfuko wa mchanga unaogusa ardhi ili usibembee, na vua mkanda wa kamera. Kaa mbali na barabara, boda zinatikisa. Juni hadi Agosti moshi na ukungu mkavu hufuta mlima. Siku baada ya mvua ndiyo yenyewe. Jua linakuwa mgongoni kwako, kwa hiyo mlima unang'aa haraka: anza na picha yenye giza kwa stopu moja (nusu ya mwanga), mawingu meupe yasije yakaungua, yaani kuwa meupe matupu.

hesabu_za_fremu:
Kuunganisha: rekebisha RAW zote kwa mpangilio mmoja, toa JPEG, zipe majina mapya kuanzia 0001 (ikikosekana namba, programu inaishia hapo), kisha andika amri hii ya programu ya ffmpeg:

`ffmpeg -framerate 25 -i %04d.jpg -vf "deflicker=size=10,scale=3840:-2,crop=3840:2160" -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p rwenzori.mp4`

Picha zako ni 3:2, video ni 16:9, kwa hiyo juu na chini vitakatwa. Acha nafasi angani unapopanga fremu.

Kabarole_Juu:
Nimeelewa. Naanza na M, f/5.6, sekunde 5, bila filta.