Mkufunzi wa magongo chuoni: kombe kwanza au mchezaji kwanza?

Benchi Refu: Naomba tujadili hili kwa heshima. Mpwa wangu alipata ufadhili wa karo katika chuo kimoja Nairobi kwa sababu ya magongo. Kule Magharibi alikosoma sekondari alikuwa mshambulizi wa kuogopwa. Sasa yuko mwaka wa pili, na msimu mzima amevaa jezi akaketi. Mkufunzi anasema timu ikishushwa daraja hata huo ufadhili utafutwa, kwa hivyo anachezesha waliokomaa. Lakini magongo si kandanda! Mabadiliko hayana kikomo, mchezaji anaingia na kutoka hata mara kumi, na robo ziko nne za dakika 15. Mkiongoza 3-0 robo ya mwisho, kijana wa mwaka wa pili anawaharibia nini? Chuo kipo cha kufunza au cha kukusanya vikombe? Hata kina Avtar Singh, nyota wetu wa zamani wa magongo, kuna mtu aliwapa nafasi wakiwa wachanga.

Kona Fupi: Mzee, ni rahisi kusema ukiwa jukwaani. Mkufunzi wa chuo yuko ligi moja na klabu kubwa kama Polisi na Butali. Mchezaji wa Polisi ameajiriwa, ana mshahara, anaweza kukaa pale miaka kumi. Wa chuo akianza tu kuelewana na wenzake kwenye kona fupi, ile kona ya adhabu, nani anasukuma, nani anasimamisha, nani anapiga, anahitimu na kwenda zake. Kila mwaka unaanza upya. Halafu mkuu wa michezo anakuuliza swali moja tu: mko nambari ngapi? Hajawahi kuuliza ni wangapi wamejifunza.

Kipa Mstaafu: Benchi Refu, usimtaje Avtar ovyo. 1971 kule Barcelona, Kombe la Dunia la kwanza kabisa, tulikuwa wa tatu duniani, na hakuna aliyelipiwa karo ili acheze. Walifanya kazi mchana, jioni mazoezini. Vijana wa leo wamedekezwa na ufadhili. Mtu akiwekwa benchi wiki mbili, ukoo mzima unalia.

Binti wa Kitale: Wamedekezwa? Mzee, kwa heshima zote, hilo neno limeniuma. Nimecheza miaka minne chuoni. Pedi za kipa wetu zilifungwa kwa kamba ya manila kwa sababu mikanda ilikatika, na akitoka uwanjani timu ya pili inazisubiri zikiwa bado na jasho. Mazoezi saa kumi na moja alfajiri, saa mbili uko darasani. Ukiumia goti, ufadhili unaondoka nawe. Na hao wa 1971 mnaowaimba kila siku walikuwa na klabu zao Nairobi zenye uga uliokatwa nyasi vizuri. Babu yangu alikuwa anazikata hizo nyasi. Hakuwahi kuulizwa kama angependa kushika gongo.

Wa Ngara: Dada, habari ya babu yako inaniuma na siipingi. Lakini "hao" ni akina nani? Avtar Singh Sohal aliichezea Kenya Olimpiki nne, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Tokyo 1964 tulimaliza wa sita. Kulikuwa na Masingasinga, kulikuwa na Wagoa, akina Fernandes na Mendonca. Bendera waliyovaa kifuani ni hii hii. Na tafadhali, 1971 tulikuwa wa NNE. India walitufunga mechi ya kuwania nafasi ya tatu.

Kipa Mstaafu: Wa tatu, wa nne, hoja ni ile ile. Tulikuwa juu ya nchi ambazo leo hata hazijibu barua zetu.

Binti wa Kitale: Wa Ngara, sijasema si Wakenya. Usiniwekee maneno mdomoni. Nimesema mlango ulikuwa mwembamba, na ulipopanuka wakubwa wengi walikuwa wameshahamia Uingereza na Canada bila kutuachia mtu wa kutufundisha.

Wa Ngara: Wengine hatukuhama. Wapo waliobaki wakafundisha shuleni bila senti. Kikosi cha Olimpiki ya Seoul 1988 kilikuwa na Panesar mwenye asili ya Asia na Alubaha Mwafrika ndani ya jezi moja. Hilo mbona halisemwi?

Zulia: Mnagombana bure nyote wawili. Tulisusia Montreal 1976, tukasusia Moscow 1980. Na Montreal ndiyo Olimpiki ya kwanza kuchezewa kwenye zulia la nyasi bandia. Dunia ilibadilisha mchezo sisi tukiwa nyumbani. Uwanja wa City Park, Nairobi, ulipata zulia lake kwa ajili ya Michezo ya Afrika 1987, mwaka uliofuata tukaenda Seoul, na tangu hapo Olimpiki ya magongo tunaitazama kwenye runinga.

Kona Fupi: Zulia kagusa ninachokiona kila Septemba. Mtoto anatoka shule yenye uga wa nyasi na mashimo. Mpira unaruka, kwa hivyo amezoea kuusimamisha fimbo ikiwa wima, mikono juu, mwili umenyooka. Ukimleta kwenye zulia mpira unakuja chini chini kwa kasi kama umeteleza juu ya barafu, naye bado amesimama wima. Inabidi ashuke, apinde magoti, alaze fimbo mpaka vidole viguse zulia. Kumtoa katika mazoea hayo kunakula msimu mzima, na tunapata zulia saa chache kwa wiki. Ndiyo sababu anakaa benchi, si chuki.

Benchi Refu: Mwalimu, hapo umenijibu nusu. Kama kinachomkosesha namba ni zulia, atalizoea vipi akiwa ameketi pembeni ya zulia? Mpwa wangu hajaambiwa habari ya kulaza fimbo hata siku moja. Ameambiwa "subiri zamu yako". Kijana wa miaka 20 akielezwa kasoro yake atafanya mazoezi hata barazani kwao. Akiambiwa asubiri, anaanza kufikiria kuacha.

Kona Fupi: Basi mwambie amuulize mkufunzi wake ana kwa ana, si kupitia mjomba.

Binti wa Kitale: Kumuuliza? Mimi niliuliza. Jumamosi iliyofuata jina langu halikuwa hata kwenye orodha ya basi.

Kipa Mstaafu: Enzi zetu hakukuwa na basi.

Wa Ngara: Mzee, enzi zenu klabu nyingi zilikuwa Nairobi, mlihitaji basi la nini? Dada, ulicheza namba gani? Sisi Jumapili tunatafuta beki wa kushoto, na kwetu kila aliyekuja anaingia uwanjani.