Fundi, sili 16 zimekushinda, injini utaiweza?

Wakuu, nina Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1972, aliniachia mzee. Niliipeleka gereji moja hapa Dar ishushwe injini, hedi (vichwa vya silinda) zikasagwe valvu. Nikasubiri wiki tatu, ya ufundi nikalipa yote na ya spea juu. Juzi naitoa kwenda Bagamoyo, kufika Bunju nasikia harufu ya oili inayoungua. Nachungulia chini, eksozi inafuka moshi kama jiko la mama ntilie.

Kumbe sili, vile vimpira vya kuzuia oili isivuje, zimerudishwa zile zile za zamani! Kwa wasioijua hii injini: pushirodi zake (vyuma vinavyosukuma valvu) zinapita ndani ya mirija 8, kila mrija una sili ya mpira huku na huku, jumla 16. Ukifungua hedi, mirija yote inatoka. Yaani jamaa alizishika zote 16 mkononi, akaziona zimekakamaa kama maganda ya muhogo, akazirudisha. Halafu juu yake akapaka silikoni nyekundu kama anaziba ufa wa ukuta. Mirija yenyewe hata hakuivuta. Ile ina mikunjo mwishoni, sharti uirefushe kidogo ndipo ibane. Ukiifunga imebonyea, hata sili mpya itavuja.

Nimempigia, ananijibu: "Bosi, zile za kizamani ni bora kuliko hizi za dukani." Hapo kidogo ana hoja, maana nyingine za siku hizi hazimalizi hata mwaka. Lakini mpira uliopikwa na joto la hedi miaka yote hiyo, ubora gani umebaki? Na hela ya spea niliyokupa ilinunua nini?

Ila silikoni ndiyo inaninyima usingizi. Injini hii haina oili filta, ina chujio la waya tu kule chini. Vipande vikidondokea ndani vinaziba chujio, oili haipandi, beringi kwaheri. Na oili yenyewe ni lita 2.5 tu, na ndiyo inayosaidia kupoza, maana rejeta haina.

Sasa inashuka tena. Sili ya flaiwili (gurudumu zito la injini) na zile ndogo za kipozea oili nanunua mwenyewe, safari hii simwachii mtu. Mwenye kujua duka lenye seti kamili ya sili aseme. Maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani nimezunguka kutwa naambiwa "njoo Jumatatu". Na kama yupo fundi anayekubali mwenye gari akae na kigoda chake pembeni akiangalia, aje PM.