Mwanza: ngoma zetu mnazitaka siku ya mgeni rasmi, kwenye malipo hatujulikani

Wakuu, nimevumilia sana ila hili limenishinda. Nipo kwenye kikundi cha ngoma hapa Mwanza, tunacheza bugobogobo, ile ngoma ya Kisukuma ya majembe. Taasisi moja (siitaji, wenyewe wanajijua) ilituita tuchangamshe ufunguzi wa mradi wao. Tukaambiwa saa 2 asubuhi tuwe uwanjani. Mgeni rasmi kafika saa 7 kasoro. Muda wote huo tumekaa juani bila hata maji ya kunywa, huku viti chini ya mahema vikiwa vitupu, eti ni vya waalikwa.

Ngoma zetu ni za ngozi jamani, usipozipasha moto hazilii. Tukakatazwa kuwasha moto, moshi utawakera wageni. Haya, tukapiga hivyo hivyo. Vijana ndio kwanza wanarusha majembe juu, MC anatuonyesha kidole: fupisheni, ratiba imebana. Ratiba imebana! Kisha akapanda mwimbaji kutoka Dar, kaja kwa ndege, kalazwa hotelini, akachezesha mdomo juu ya CD nyimbo tatu nzima. Yeye hakuna aliyemwambia afupishe.

Bahasha yetu sasa: 80,000. Tuko watu 14. Kirikuu ya kubeba ngoma kutoka Kisesa, kwenda na kurudi, imekula 50,000. Pigeni hesabu wenyewe. Nilipouliza, dada wa uhasibu akanijibu, "Kaka, si mnatangaza utamaduni?"

Hapo ndipo damu ilinichemka. Watu wanadhani ngoma ya Kisukuma ni kitu cha kuokota njiani. Nendeni Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, mwezi Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma, muone Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani wa jadi, wanavyoshindana. Wanacheza wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, mshindi ni yule aliyevuta umati. Ukicheza ovyo, watu wanakugeuzia mgongo wanahamia kwa mpinzani wako palepale. Ndiyo maana wengine wanaingia na chatu! Padri David Clement, Mkanada, aliiona thamani ya mambo haya tangu miaka ya 1950 akaanza kuyahifadhi pale Bujora. Sisi wenye nayo tunaona ni kelele za kumsubirishia kiongozi.

Najua kuna atakayesema tuandae maonyesho yetu tuuze tiketi. Wapi? Kumbi zimejaa mjini, za harusi. Jukwaa limejengwa kwa ajili ya keki na maharusi, mtu akiruka na jembe anagonga taa.

Kwa hiyo sisi tumekubaliana: mkataba wa maandishi, nusu ya hela kabla, usafiri na chakula juu ya mwenye shughuli. Mkiona tunaringa, pigeni CD.

Wenzangu wa vikundi vya Magu, Kwimba na Ilemela, ninyi mnalipwa ngapi? Tajeni hapa, maana wanatushusha bei kwa kutuambia fulani kakubali kwa soda.